Kelele Iliyongoja Baridi ya Fizi

Sikwenda Kongo kutembea. Nimewasikia wengi hapa Ujiji wakisimulia safari zao za ng'ambo, walivyokula samaki wanono na walivyopokewa kwa ngoma, na sina ubishi nao. Mimi nilivuka ziwa kwa sababu mdogo wangu Zaina, aliyeolewa Baraka, alikuwa amefiwa na mumewe, na mume huyo aliacha nyuma gari linalogonga.

Habari ilikuja kwa mdomo wa Ramazani, mwenye boti, mtu wa Baraka anayetuletea mihogo na mawese na kurudi kwao na chumvi na vitambaa. Alinikuta bandani kwangu nimelala chini ya lori. Akasimama bila kusema neno mpaka nilipotoka na kufuta mikono, na ukimya ule ulinitia wasiwasi, maana Ramazani si mtu wa kunyamaza.

"Zaina anakuita, fundi," alisema. "Asumani tumemuzika. Ni homa. Siku kidogo tu, kisha basi."

Nilimpenda Asumani. Naliandika hili wazi kwa sababu wako ndugu zetu walioikataa ndoa ile, wakisema Mbembe wa milimani hana cha kumpa binti wa Ujiji. Alizaliwa Fizi, juu, na mama yake alimwita Wilondja. Akashuka Baraka akiwa kijana, akawa msaidizi wa dereva wa lori la pamba, akaingia dini, akaitwa Asumani, akamwoa dada yangu. Ufundi alijifunza kwa macho, akishika taa huku wengine wakifanya kazi. Baadaye alipata gari dogo la zamani, la kabla ya Vita Kuu ya Pili, lililokuwa limetupwa nyuma ya ghala fulani na kuku wakitagia ndani. Taa yake moja ilikuwa imevunjika, kwa hiyo watu wakaliita Chongo. Alilifungua lote, akalisafisha, akalifunga upya kipande kwa kipande.

"Na sasa Chongo lina kazi gani?" nilimuuliza Ramazani.

"Mama ya Asumani iko Fizi. Hatembei, kiuno kilivunjikaka. Tulimutumia lori, alikataa. Tulituma bantu bamubebe, alikataa. Anasema mutoto wake alimupatia neno: atakuya kumutwaa na mutuka yake mwenyewe. Njo hiyo anangoja. Na ile mutuka inalia."

"Inalia vipi?"

"Ko, ko, ko. Mi naona ni jini."

Nilimwambia majini hayana beringi. Hakucheka, wala mimi sikucheka.

Kisha akanieleza jambo lenyewe. Asumani alizikwa siku ileile aliyofariki, kama dini inavyotaka, na habari ilipopanda Fizi alikuwa tayari ardhini. Mama mtu hakumwona. Kwa Wabembe wa kule juu, mama kunyimwa uso wa mwanawe aliyekufa ni jambo zito sana. Alituma maneno kwamba watu wa Baraka wamemficha mtoto wake kama mali ya wizi, na kwamba tangu siku ile hana mkwe wala mjukuu. Arobaini ilikuwa inakaribia. Zaina aliona kwamba ikipita bila mama yule kufika kaburini, binti yake mdogo Asha atakua bila upande wa baba, na chuki ile haitatoka tena. Naye Zaina alikuwa ndani ya eda, hawezi kwenda Fizi kuomba. Ndiyo maana aliniita mimi. Nilichukua sanduku la vifaa na dumu moja la mafuta mazito ya injini, nikafunga banda.

Alfajiri tuliondoka. Ulikuwa mwezi wa kiangazi, na upepo wa kusi ulituchukua kwa nguvu kuliko tulivyotaka. Tulizunguka ncha ya Ubwari maji yakiruka ndani ya boti, na badala ya kuingia ghubani moja kwa moja tukasukumwa mpaka Lweba, kaskazini ya Baraka, ambako wavuvi walitusaidia kuvuta boti mchangani. Mama mmoja alitupa ugali wa mihogo na ndagala, dagaa wa ziwani, akamuuliza Ramazani tunakwenda wapi.

"Kwa Asumani wa Chongo," alijibu.

"Ah! Yule alikufaka kwa mutuka," mama akasema. "Bantu banasema mutuka ndiyo ilimukula."

Nilimjibu kwa ukali kuliko adabu ya mgeni inavyoruhusu, kwamba aliuawa na homa na gari halijawahi kumla mtu. Yule mama hakukasirika. Aliniongezea ndagala.

Adhuhuri ya siku ya pili tuliingia Baraka kwa miguu, kwa njia ya pwani. Askari alitazama karatasi zangu za ruhusa juu na chini, akanirudishia. Nyumbani kwa Zaina mlango ulikuwa umefunguliwa kidogo tu. Alikuwa amevaa nguo nyeupe, amekonda. Tulishikana mikono tukalia, kisha akaniambia maneno ambayo nilikuwa nayangojea.

"Kaka Salumu, usipumzike. Kalione kwanza."

Chongo lilikuwa uani, chini ya paa la makuti ya mchikichi. Nilipoona kazi ya shemeji yangu moyo uliniuma. Alikuwa amepaka rangi ya kijivu kwa brashi, mistari imenyooka. Nyaya zote zilikuwa zimefungwa kwa uzi mmoja wa kushonea nyavu, fundo baada ya fundo, sawasawa. Viti alivishonea turubai. Mtu aliyefanya kazi namna ile hakuwa na haraka.

Niliwasha. Injini ikashika kwa mara ya pili, ikanguruma, na sikusikia kitu ila mlio mwepesi wa vali juu. Nilichukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha yake kwenye mwili wa injini na mpini sikioni, kama tunavyofanya siku zote. Juu, ti-ti-ti. Chini, kimya. Nikarekebisha nafasi za vali, ti-ti-ti ikapungua.

"Hiki ndicho mnachokiita jini?" nilisema.

"Si hiki," Zaina akajibu akiwa mlangoni. "Ile iko ya asubuhi. Asubuhi inagonga chini, ko, ko. Jua likipanda inanyamaza. Asumani aliisikia mara mbili, akasema ataifungua tena. Ndipo homa ikamwangusha."

Nilimweleza kwamba injini iliyotiwa pistoni mpya kama ile hugonga ikiwa baridi, mpaka chuma kipate joto na kujaa mahali pake. Ni kweli, hutokea, na fundi yeyote angesema hivyo. Nilisubiri asubuhi yake nikawasha mapema. Liligonga kidogo, mara chache, likaacha. Nilivuta kijiti cha kupimia mafuta. Kiwango kilikuwa kizuri. Saa ya kuonyesha nguvu ya mafuta ilikuwa imekufa zamani, sindano imelala, kwa hiyo haikunisaidia. Nikaamua ni pistoni. Siku zilizobaki kabla ya arobaini hazikuruhusu kufungua injini nzima kwa ajili ya mlio unaokwisha wenyewe.

Siku hiyohiyo, jua lilipokuwa juu, tukaondoka kwenda Fizi, Ramazani na mimi. Yeye alijitolea mwenyewe. Alikuwa rafiki wa marehemu, na ndiye aliyemwosha.

Barabara kwanza hupita kati ya michikichi na mashamba ya mihogo, ardhi nyekundu, tambarare. Chongo lilikwenda vizuri. Watoto walikimbia nyuma wakiita jina lake, na wanawake waliokuwa wakirudi na kuni walisimama kando wakalitazama likipita. Mmoja alivua kitambaa kichwani. Kisha njia huanza kupanda, inajipinda, na upande mmoja unaliona ziwa lote limelala chini na Ubwari ng'ambo ya ghuba. Tulisimama mara nyingi kuitilia rejeta maji ya mto. Ramazani alikaa na kibuyu cha maji mapajani na sikio dirishani.

"Inalia?" aliuliza kila kona.

"Hailii."

"Ile jini iliogopa wewe."

Nilimwachia utani wake, kwa sababu niliona jinsi mikono yake ilivyokuwa ikishika kibuyu. Alikuwa anamwogopa mama yule kuliko mlima.

Alasiri tuliingia Fizi. Ni mji mdogo wa serikali, una ofisi ya Bwana Mkubwa Mbelgiji, bendera, misheni na nyumba zilizotawanyika juu ya kilima, na upepo wake si upepo wa ziwani. Nilivaa koti. Nyumba tuliyoitafuta ilikuwa pembeni, na mbele yake kulikuwa na pipa kuukuu la kuchemshia chikichi. Mama Wilondja, ndivyo majirani walivyomwita, alikuwa amekaa kwenye ukumbi juu ya kiti cha fito, miguu imefunikwa blanketi. Alilitazama gari kwa muda mrefu kabla ya kututazama sisi.

Nilimwamkia, nikasema mimi ni kaka yake Zaina, fundi, na nimekuja na gari la mwanawe kumchukua kwa arobaini.  Alimgeukia Ramazani.

"Nani njo alimuosha?"

"Ni mi, mama."

"Njo uniambie. Uso yake ilikuwa namna gani?"

Ramazani alichuchumaa mbele yake. Mtu yule ambaye ziwani hanyamazi alitafuta maneno kwa shida. "Ilitulia, mama. Macho ilifungama. Mwili haikukuwa na kidonda hata kimoja. Ni kucha tu. Kucha yake ilikuwa nyeusi na grisi. Tulisugua, tulisugua na muchanga, haikutoka. Tukamuzika nayo."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima.

"Mulikuwa na haraka ya nini?"

"Ni dini, mama. Maiti haingojeshwi."

"Na mi? Mi nilikuwa ninangoja."

 Nilitazama chini. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari juu ya sheria na desturi, yakanikauka mdomoni.

Baadaye kidogo alisema tena, kwa sauti ya chini. "Wilondja alinisahauka zamani. Alikuwa na jina ingine, na bantu bengine. Nilimutumia mafuta, kibuyu kizima, mi mwenyewe nilikamua na hii mikono. Hata neno hakunirudishia, kama ilifika ao haikufika. Mwaka muzima. Sasa munataka niende kulilia nani?"

"Lakini alikuahidi gari, mama," nilisema. "Gari lenyewe ndilo hili."

"Nitaona kesho," alisema. Jirani yake alituletea chakula, akatuonyesha pa kulala.

Asubuhi Fizi ilikuwa imefunikwa na ukungu, na majani yalikuwa yamelowa kana kwamba mvua imenyesha. Siku ya arobaini ilikuwa kesho yake. Mama alikuwa ametolewa nje, amevaa kitenge kizuri, amejifunga kitambaa kichwani, na kando yake kulikuwa na kifurushi. Alikuwa amekubali. Hakusema amekubali, ila kifurushi kilisema. Nilifurahi mno, nikaingia garini nikawasha.

Sijapata kusikia mlio ule katika injini ninayoipenda. Haukuwa ko-ko wa Baraka. Ulikuwa mzito, kutoka chini kabisa, kishindo juu ya kishindo, na gari zima lilitetemeka. Majirani walirudi nyuma. Nilikuwa na nafasi ya kupima jambo moja tu kabla ya kuzima: nilivua waya wa plagi ya kwanza, nikaurudisha, nikavua wa pili, wa tatu, wa nne. Konrodi, mkono wa pistoni, ikilegea mahali pamoja, ukivua waya wa silinda yake kishindo hupungua. Hapa hakikupungua popote. Nikazima upesi.

 Mama alikuwa amenyanyua mkono wake.

"Inakataa," alisema. "Mulisikia? Wilondja anakataa. Hataki niende. Munirudishe mu nyumba."

"Mama, si yeye," Ramazani alianza.

"Munirudishe."

Walimwingiza ndani na kifurushi chake. Nilibaki nimesimama kando ya Chongo, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa na hasira: hasira kwa ukungu, kwa mama yule, kwa marehemu mwenyewe aliyefunga nyaya vizuri hivi na kuacha chini yake balaa. Ningeweza kungoja jua. Nilijua sasa kwamba jua likipanda mlio utapungua, na pengine tungeteremka salama, maana chini kuna joto. Lakini injini inayogonga namna ile haigongi bure. Saa moja ya kuendeshwa hivyo na vyuma vyake laini vingekuwa unga, na tungemwacha mama mlemavu katikati ya mlima.

Nilikaa chini nikafikiri. Ugonjwa wa silinda moja una mahali pake. Huu ulikuwa wa zote kwa pamoja. Konrodi ziko nne, zimefungwa na mtu mwangalifu, haziwezi kulegea zote asubuhi moja, kisha kupona adhuhuri. Zilikuwa na njaa. Mafuta yalikuwamo ndani ya bakuli la injini, kijiti kilionyesha, lakini hayapandi. Na yanakataa kupanda kukiwa na baridi tu. Baraka kuna ubaridi kidogo alfajiri, likagonga kidogo. Fizi kuna baridi kweli, likagonga kweli. Nikavuta kijiti tena, safari hii nikakitazama kwenye mwanga badala ya kutazama alama tu. Katika mafuta meusi kulikuwa na punje ndogo za rangi ya chungwa.

Ramazani alitandika mkeka. Nikaingia chini ya gari, nikayamwaga mafuta katika beseni, nikafungua bakuli zima la chini, bolti baada ya bolti, nikiliondoa polepole nisije nikachana gasketi yake. Lilikuwa zito. Nililitoa nje nikaliweka kwenye nyasi. Chini yake kulikuwa na tabaka la mafuta yaliyoganda, ya rangi ya chungwa iliyochafuka, kama sufuria ya mchuzi iliyolala usiku bila kuoshwa. Chujio la pampu lilikuwa limezibwa kabisa. Nilipokata kipande kwa kisu nilisikia harufu kabla sijakileta puani.

"Ni mawese," nilisema.

Sasa nilielewa kila kitu. Injini inapofungwa upya vyuma vyake havifungwi vikavu. Hupakwa mafuta kila mahali, na pampu hujazwa grisi, ili mara ya kwanza inapozunguka isisagike. Asumani alijua hivyo. Alikuwa ameona kwa waliomfundisha. Ila hakupaka grisi. Alipaka mawese, kwa wingi, kila beringi, kila konrodi, akajaza pampu. Kule ziwani, watu hupaka mawese bawaba za mlango na ekseli za baiskeli, na kwa joto la Baraka yanabaki maji. Hakuwahi kulilaza gari lile Fizi.

Ramazani alikuwa amesimama kinywa wazi. "Ile kibuyu," alisema.

"Kibuyu gani?"

"Ile mama alituma. Mi njo nilimupelekea Asumani, dereva wa lori aliniachia. Zaina alitaka kupika nayo, Asumani akakataa. Akasema hii si ya kukula, hii ni ya moteri. Mi nilizani anacheka."

 Nilisita, nakiri. Njia rahisi ilikuwapo: kumwambia mama ni takataka za barabarani, kusafisha, na kuondoka. Kwa nini aambiwe kwamba kazi ya mwisho ya mwanawe ilikuwa na kasoro, na kwamba kasoro yenyewe ni mafuta yake? Lakini yeye alikuwa ametuona kupitia mlangoni tukinong'ona juu ya bakuli, na aliita kwa sauti kubwa tumletee. Tulilibeba, tukaliweka miguuni pake.

Aliinama. Alitia kidole, akakileta puani, kisha akasugua kati ya vidole viwili mpaka mafuta yakalainika kwa joto la mkono.

"Hii ilitoka wapi?"

"Ndani, mama," nilisema. "Chini kabisa, na katika kila chuma. Ramazani anasema ni yale uliyomtumia. Hakuyala. Aliyapaka kwenye gari."

"Njo hii inagongesha?"

Nilimwambia kweli. "Ndiyo hii. Mawese ni ya kula, mama. Yakipata baridi yanaganda, na chuma kinabaki kikavu. Shemeji yangu alifunga kila kitu vizuri. Hapa tu alikosea."

 Alizidi kusugua vidole. Wanawake wa jirani walikuwa wamekaribia. Nilidhani nimeharibu kila kitu.

"Asubuhi yenye baridi sawa hii," alisema mwishowe, "wakati alikuwa mutoto, nilikuwa ninamupakaka. Mwili muzima. Mikono, mugongo, magoti. Alikuwa analia juu mikono yangu iko baridi. Nilikuwa ninamwambia, nyamaza, hii itakulinda." Akatazama bakuli. "Sasa yeye alipaka ile mutuka."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kwa Kibembe, akimwita jina lake, na wale wanawake wakamwitikia, na kilio kile ambacho hakikupata nafasi siku ya maziko kilitoka chote pale ukumbini, juu ya bakuli la mafuta machafu. Ramazani aliketi chini akafunika uso. Mimi nilirudi chini ya gari, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nayo, na nililia humo.

Asubuhi yote ile nilisafisha. Majirani walichemsha maji, tukamwagia chuma kwa nje mpaka kikapata moto na mawese yaliyojificha yakachuruzika. Niliosha chujio na pampu kwa petroli. Nilishika konrodi moja moja nikaitikisa kwa mkono, na kwa bahati hakuna iliyolegea. Tulikuwa tumezima mapema. Nikafunga bakuli, nikamimina lile dumu nililotoka nalo Ujiji. Mama alikuwa ametolewa tena nje na kiti chake, na sasa aliangalia kila nilichofanya, akiuliza kila chombo ni cha nini na Wilondja alikishika wapi. Nilimjibu yote.

Adhuhuri niliwasha. Nikaweka bisibisi chini ya injini na sikio kwenye mpini. Mngurumo mmoja, mnene, uliotulia. Nilimpelekea mama bisibisi ile, tukasogeza kiti chake, akaweka sikio mwenyewe. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Twende," alisema.

Tuliteremka taratibu, yeye akiwa kiti cha mbele, blanketi mabegani. Kila shimo nililipita kwa woga kwa ajili ya kiuno chake, lakini hakulalamika. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mlango, akipapasa rangi ile ya brashi. Ziwa lilipotokea chini alisema hajaliona tangu alipokuwa msichana. 

Jua lilikuwa bado liko juu kidogo tulipofika Baraka. Hakutaka kwenda nyumbani kwanza. Makaburi ya Waislamu yako mchangani, karibu na barabara, na Ramazani alinielekeza mpaka pale gari lilipoweza kufika. Kaburi la Asumani lilikuwa hatua chache kutoka mlango wa gari, udongo bado umeinuka, jiwe moja kichwani. Nilizima. Nilishuka nimbebe.

"Hapana. Niache hapa," alisema. "Fungua mulango tu."

Nilifungua. Aliketi hivyo akilitazama kaburi, na upepo wa ziwa ukimpiga usoni. Ramazani alisimama kando, mikono mbele, akiomba dua.

"Washa," mama alisema.

"Mama?"

"Washa mutuka. Asikie."

Niliwasha. Injini ilikuwa ya moto, ikashika mara moja, ikazunguka kwa utulivu, bila kishindo, bila mlio. Mama aliinama nje ya mlango kadiri kiuno kilivyomruhusu.

"Wilondja," alisema. "Unasikia? Hailii tena." Kisha akaliita jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. "Asumani. Mafuta yangu ilifika. Niliiona."

Kesho yake arobaini ilisomwa uani, na yeye alikaa kwenye mkeka pamoja na Zaina, na mtoto Asha alilala mapajani mwake shughuli yote. Watu wa Lweba walikuja, hata yule mama wa ndagala. Zaina aliniambia baadaye kwamba mama mkwe atakaa mpaka eda iishe, na pengine hatarudi mlimani kabla ya mvua.

Nilivuka ziwa siku chache baadaye kwa boti ya Ramazani. Nilipoaga, mama alinipa chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, mawese mapya, mekundu.

"Hii ni ya kukula," alisema. "Usitie mu mutuka."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

Tangu niliporudi, mtu akiniletea gari linalogonga, simuulizi kwanza linagonga vipi, maana hilo nitalisikia mwenyewe. Nauliza limelala wapi, na nani alilifunga, na siku ile alipolifunga alikuwa na nini mkononi. Wengi hucheka, wakisema fundi Salumu amerudi kutoka Kongo na maswali ya mganga. Nawaacha wacheke, nachukua bisibisi yangu, nainama kusikiliza.